TAHADHARI kwa mafundi kerezo: muuza chaki za mtumba Gerezani, Dar

Wakuu, laki sita na nusu zimekwenda kwa chaki mbovu, ile ya chuma yenye taya za kubana kitu kinachokerezwa kwenye mashine, na usingizi sina. Kazi ya busha (bushing za chuma) za yule mteja mnayemjua imelala.

Mashine ni ile ile aliyotuachia mzee, spindo (mhimili unaozungusha chaki) ya D1-4, aina inayoshika chaki kwa pini tatu zinazofungwa na kamu, yaani vifungo vya kuzungusha. Nikaelekezwa kwa jamaa Gerezani, ana chaki za taya tatu za mtumba kutoka Ulaya. Mtaniuliza kwa nini nilimwamini. Hakuwa na papara hata kidogo. Alichukua kitambaa safi, akafuta koni ya spindo yake, akafuta na uso wa spindo, akaniambia, "Kaka, punje moja ya chuma ikibaki hapa chaki haikai." Maneno hayo hayo mzee alikuwa akitugombeza nayo kila asubuhi! Nikajua nimefika kwa fundi mwenzangu.

Akaipachika chaki, akakaza. Akabana kipande cha nondo chenye kutu, akasema ngoja nikitoe kutu kidogo. Akakikereza mara moja, kikang'aa. Hapo hapo akaweka saa ya kupimia, ile yenye mshale wa kuonyesha kitu kikiyumba, akazungusha kwa mkono taratibu. Mshale umetulia tuli. "Umeona mwenyewe." Nikahesabu hela.

Chuma kilichokerezwa kwenye chaki, kisipofunguliwa, lazima kizunguke sawa, hata chaki ikae upande! Miaka yote hii niko kwenye kerezo, najua hilo, na nilisimama pale nikitikisa kichwa kukubali. Naona aibu kuwaangalia vijana wangu.

Nyumbani nikasafisha kwa dizeli ile grisi nzito ya nyuma. Nikaipachika bila kukaza: kwa, kwa, kwa. Inacheza. Tundu la koni limetanuliwa, wamekwangua kutu mpaka wakapitiliza. Nikikaza inagota uso lakini katikati haipajui. Nilibana shafti iliyosagwa, yaani iliyolainishwa kwa jiwe ikawa duara sawasawa, mshale ukayumba milimita 0.40. Nikafungua, nikarudisha, ikawa 0.25 na upande mwingine kabisa.

Kilichonitoa jasho ni pini. Moja ni bolti ya kawaida iliyokatwa, mfuo wake wa kushikwa na kamu umechimbwa kwa grainda. Kitu cha zaidi ya kilo kumi kinazunguka mbele ya kifua cha kijana wangu, kimeshikwa na bolti ya duka la vifaa vya ujenzi. Huyu si mwizi tu, huyu anataka kuua watu. Afungwe, na mashine yake ichukuliwe, asiuze hata nati.

Mkienda kununua, nendeni na shafti yenu iliyosagwa, msikubali akereze kitu kwanza. Grisi yote ifutwe mbele yenu. Chaki nzima ukiisukuma kwa mkono hukaa kwenye koni bila kucheza, ukiona mwanya mwembamba kabla ya kukaza usiogope, kamu ndizo zinaivuta mpaka uso. Na kamu zikamate kati ya robo na nusu ya mzunguko. Yangu moja ilipita nusu, nikadhani ni ugeni wa chaki.

Simu hapokei, vijana wake wanasema amesafiri. Hajasafiri, ameonekana jana. Jumatatu naipeleka chaki kituoni ndani ya gunia na ile pini mkononi. Aliyeuziwa naye anitumie ujumbe twende pamoja, mmoja mmoja atatuzungusha.