Tiba kwa vitendo ya nyumbani, Mwanza: tathmini ya familia yenye mgonjwa wa Huntington

Naandika kwa ajili ya familia zenye mgonjwa wa Huntington, au ugonjwa mwingine wa kurithi unaokula ubongo au misuli taratibu, ambazo ziko huku Kanda ya Ziwa na hazijui pa kuanzia. Huduma ninayoizungumzia ni ya wataalamu wa tiba kwa vitendo (occupational therapy), yaani wanaomsaidia mgonjwa aendelee kufanya shughuli zake za kila siku, na hawa wanakuja nyumbani kwa mgonjwa. Nawapa nyota nne kati ya tano. Jina lao nimeliacha makusudi, kwa sababu nina sifa na nina malalamiko, na wataalamu wa fani hii mjini ni wachache. Ukienda idara ya utengamao ya hospitali yoyote kubwa ukaulizia wanaofika nyumbani, utaelekezwa.

Mgonjwa ni kaka yangu, ana miaka 46. Alikuwa fundi nyavu pale soko la samaki la Mwaloni, Kirumba. Mwili ulianza kumchezacheza: mara bega linaruka, mara uso unajikunja, vidole havitulii hata akiwa amekaa. Watu wakasema pombe, wengine wakasema katupiwa kitu. Baba yetu alikwenda vilevile, na sisi watoto tulikua tukiamini kwamba ni pombe iliyommaliza. Baada ya kuzunguka sana ndipo tukaambiwa ni Huntington. Mzazi akiwa nayo, kila mtoto ana nafasi ya 50 kwa 100 ya kuirithi, awe wa kike au wa kiume. Dalili huanza mara nyingi kati ya miaka 30 na 50, wakati mtu tayari ana watoto wake. Kwa hiyo hesabu hiyo inanihusu na mimi.

Jeni ya Huntington, ile chembe ya urithi inayouleta, iligunduliwa mwaka 1993, na waliosaidia sana ni wavuvi na familia zao wa kandoni mwa ziwa Maracaibo, Venezuela, ambako ugonjwa huu umejaa kwenye koo. Mtafiti Nancy Wexler, ambaye mama yake mzazi alikuwa na Huntington, alikuwa akienda huko mwaka hadi mwaka na wenzake kuchukua damu na kuandika nasaba. Niliposoma habari hiyo nilikaa nayo siku nzima. Watu wa ziwa, wa mitumbwi na nyavu, ndio waliotoa damu yao dunia ikajua.

Dawa ya kuponya haipo. Zipo za kupunguza dalili, kama ile michezo ya mwili, basi. Dada mtaalamu aliyekuja kwetu, aliyesomea KCMC Moshi, alilisema hilo kabla hajavua viatu: "Sitauzuia ugonjwa. Nimekuja tuone kaka anataka kufanya nini, na nini kinamzuia." Halafu akamgeukia mgonjwa mwenyewe akamwita "Fundi", akamuuliza. Huko nyuma tulikopita walikuwa wanatuuliza sisi, yeye amekaa palepale. Kaka alichelewa sana kujibu, na yule dada akamsubiri bila kumkatiza. Akasema anataka kula bila kulishwa, na anataka kazi.

Siku hiyo hakugusa mazoezi yoyote. Aliomba kaka afanye mambo yake kama kawaida, yeye akakaa juu ya ndoo iliyogeuzwa anaandika. Alimtazama akinawa, akivaa, akishuka kwenda chooni, akila. Nitaeleza zaidi kuhusu chakula kwa sababu hapo ndipo tulipokuwa tunateseka.

Sehemu moja tuliyoenda kabla walituambia tumlishe kwa kijiko, na wifi yangu akawa anamlisha. Kaka alikuwa anageuza uso, anakonda, nyumba nzima inanuna. Dada mtaalamu akasema ugali ni rafiki yake: unashikika, hauna ncha, na mkono wake umeujua tangu utotoni, kwa nini aunyang'anywe? Akasogeza meza mpaka ikamgusa tumboni, akamwekea viwiko vyote viwili juu yake. Viwiko vikishatua, mkono unapungua kuruka. Sahani ya kawaida ikabadilishwa kwa bakuli pana, zito, lenye ukingo, na chini yake kitambaa kibichi kilichokamuliwa ili lisiteleze. Kidevu kiinamie mbele kidogo wakati wa kumeza. Redio izimwe, na mtu asimsemeshe akiwa anatafuna. Ugali ulipoletwa alikata tonge, likaanguka, akakata jingine, likafika mdomoni. Wifi alitoka nje akasimama ukutani. Nilimwacha.

Kwenye mboga aliingia mpaka jikoni. Sato atolewe miiba yote kabla hajafika mezani. Dagaa wakavu wasiliwe vile, wapikwe kwenye mchuzi mzito wa karanga. Michembe, yaani viazi vitamu vilivyokatwa na kukaushwa, ambayo kaka anaipenda kuliko nyama, iache kutafunwa mikavu. Ichemshwe hadi iwe laini kabisa, maana kitu kikavu ndicho kinachowapalia. Na ale mara nyingi kwa siku, kwa sababu mwili unaocheza muda wote unaunguza chakula haraka mno. Sasa anapata uji wa ulezi mzito wenye maziwa na karanga katikati ya milo, kwenye kikombe chenye kifuniko. Mashavu yamerudi kidogo. Alituonya pia kwamba akianza kukohoa kila anapomeza, au sauti ikawa ya majimaji, au homa ikaja na kifua, tusimngoje yeye, twende hospitali.

Nyumba yetu iko Igogo, juu kwenye mawe. Kila anayekaa mlimani anajua ngazi zile, hakuna mbili zinazolingana. Alizipanda na kuzishuka mwenyewe, kisha akatuchorea mahali pa kuweka bomba la kushikia, na fundi wa kuchomelea akalifunga. Kingo za ngazi tulizipaka rangi nyeupe. Kandambili zikapigwa marufuku. Anavaa katambuga zenye mkanda wa nyuma. Viti vya plastiki, ambavyo vilikuwa vinapinduka naye, vikaondoka, na seremala wa mtaani akatutengenezea kiti kizito chenye mikono, kimelala nyuma kidogo, kwa shilingi 90,000. Bafuni kuna stuli, na sabuni iko ndani ya soksi iliyofungwa kamba, ikimponyoka inabaki inaning'inia.

Ila mimi nikiulizwa kitu kimoja kilichostahili pesa yote tuliyotoa, nitasema ni yale mazungumzo aliyotufanyia sisi wazima uani, bila kaka. Tulikuwa tunamwona mkaidi. Anaweza kukaa kitandani hadi saa tano akiwa macho, hajanawa. Ukimfokea analipuka, watoto wanakimbia. Akatueleza kwamba ugonjwa unashika sehemu ya ubongo inayomwezesha mtu kuanza jambo na kutoka kwenye jambo moja kwenda jingine, kwa hiyo mtu anataka kuamka na bado haamki. Usimwambie "amka uoge, uvae, uje unywe chai." Mwambie "kaka, kaa," usubiri. Kisha "weka miguu chini," usubiri. Usimuulize unataka nini, muulize "uji au chai?" Mambo yafanyike saa zilezile kila siku, na ratiba ichorwe ukutani. Mtoto wake wa pili ndiye aliyeichora: jua, beseni, kikombe, boya. Ugomvi haujaisha nyumbani, lakini umepungua sana, na wifi sasa analala usiku.

Lile boya ni kazi yake. Kushona wavu kwa sindano hawezi tena, vidole havimruhusu. Dada alienda naye Mwaloni, wakazungumza na wenye mitumbwi, wakaona anaweza kufunga maboya makubwa kwenye kamba akiwa amekaa, kamba imekazwa kwenye nguzo mbili. Wanamletea nyumbani asubuhi. Malipo ni madogo. Yeye anasema "natoka kazini" akimaliza, na watoto wanampokea hivyo.

Sasa nyota niliyoizuia. Ziara ya kwanza ni shilingi 35,000, zinazofuata 25,000, na ukikaa nje ya mji unaongeza nauli yao. Kwa familia ya dagaa na nyavu hizo ni pesa, na ugonjwa huu hausimami, kwa hiyo lazima wawe wanarudi kurekebisha. Hilo naweza kulivumilia. Nisilovumilia ni kwamba yule dada alibadilishwa bila kutuambia. Akaja kijana mwingine, hajasoma hata faili, akaanza upya na kumpa kaka mpira wa kuminya. Kaka alifunga mdomo siku nzima. Mtu ambaye ubongo wake unashindwa na mabadiliko, unamletea mgeni bila taarifa? Tulipolalamika walimrudisha dada, na waliomba radhi, lakini hilo lilitakiwa kuwa kanuni yao. Pili, karatasi ya maelekezo waliyotuachia ilikuwa ya Kiingereza tupu. Anayemhudumia kaka kutwa ni wifi, ambaye Kiingereza hajui. Nilikaa nikamwandikia upya. Tatu, walituuzia sponji za kunenepesha mishikio ya mswaki na kijiko kwa bei kubwa, wakati mpira wa usukani wa baiskeli unafanya kazi ileile na fundi baiskeli yeyote anao.

Ukiwapigia, omba waje asubuhi mgonjwa akiwa bado ana nguvu, na mpike chakula chenu cha kila siku, msipike cha wageni. Omba mtaalamu mmoja tangu mwanzo hadi mwisho, na maelekezo kwa Kiswahili, mlitaje hilo kabla ya kulipa. Na atakayekuwa anamhudumia mgonjwa kutwa awepo siku hiyo, hata kama itabidi afunge genge.