Meli hadi Shelisheli: siku mbili za bahari, saa tano za kisiwa

Hamjambo jamani, karibuni tena. Leo si simu wala jiko la gesi. Leo nachambua safari ya meli, hizi meli za kitalii, ghorofa zinazoelea. Tiketi nimelipa mwenyewe, hakuna aliyenituma, kwa hiyo nitasema ninavyoona. Ila kampuni siitaji, maana nina malalamiko mawili matatu na sitaki barua ya wakili.

Kwanza niwaonyeshe hii. Mnaiona? Ni kalenda. Mjomba wangu alikuwa baharia, akaileta nyumbani Likoni nikiwa mdogo. Mwaka ukaisha, miezi ikachanwa yote, picha haikushuka ukutani. Mawe makubwa ya kijivu, laini kama mgongo wa ndovu, mnazi umeinama, na maji ya rangi niliyodhani imetoka kiwandani. Chini imeandikwa La Digue, Seychelles, yaani Shelisheli. Mimi nikisoma "la digwe," kama ilivyoandikwa, na mjomba hakunisahihisha. Sasa, shule yangu ilikuwa ng'ambo, kisiwani Mombasa. Msimu wa kaskazi ukifika, mara kwa mara feri inachelewa ipishe meli nyeupe inayoingia bandari ya Kilindini. Sisi tumebanana na mikokoteni na kuku, wale wako juu wanatupungia mkono. Nikajiambia, hiyo ndiyo meli inayokwenda kwenye kalenda.

Basi. Miaka mingi baadaye nimepanda Kilindini palepale. Ratiba ilikuwa Mombasa, kisha Mahé, kisiwa kikuu cha Shelisheli, halafu Mauritius, na kurudi kwa ndege. Kutoka Mombasa hadi Mahé ni kilomita kama 1,750 za maji matupu. Usiku wa kwanza, mchana, usiku, mchana, usiku tena, ndipo asubuhi unaona milima.

Chumba changu kilikuwa cha ndani, kisicho na dirisha, kwa sababu ndicho nilichokimudu. Kitanda safi, bafu dogo kiasi kwamba ukijipaka sabuni kiwiko kinafungua mlango. Tatizo ni giza. Ukizima taa hujui kama ni alfajiri au saa nane mchana. Siku ya kwanza nimeamka saa nne, nimekosa chai. Na chai yenyewe! Chakula hakina lawama, samaki, nyama, matunda, unajipakulia mpaka uone haya. Lakini mtu akikuletea kikombe cha maji ya moto na kijipakiti kinaning'inia uziwani, wewe wa Mombasa utaelewa uko mbali na kwenu. Chukueni tangawizi yenu. Inafaa chai, inafaa na kichefuchefu, ingawa kaskazi ilikuwa tulivu na mimi sikutapika hata mara moja.

Bei sasa. Ile uliyoiona kwenye tangazo si bei, ni mlango. Kuna ada ya huduma, inakatwa kila siku kwa kila kichwa, upende usipende. Intaneti unalipia. Soda unalipia. Ziara za nchi kavu unalipia, na hapo ndipo wanapokufinya. Nilipouliza ya La Digue pale mezani kwao, nikaambiwa bei iliyonifanya nicheke kwa adabu. Tena siku ya mwisho nilikuta wamenitoza soda tatu ambazo sikunywa. Nilipanga foleni dakika arobaini ndipo zikafutwa. Chungulieni hesabu yenu kila jioni, msingoje mwisho kama mimi.

Usiku wa pili nilikaa sitahani peke yangu. Mnajua Shelisheli Waingereza waliitumia kuwafungia watu wetu? Wafalme wawili wa Uganda, Kabaka Mwanga wa Buganda na Omukama Kabalega wa Bunyoro, walikamatwa 1899, wakapelekwa huko. Mwanga alifia hukohuko 1903. Na Sayyid Khalid bin Barghash, aliyewahi kushika usultani wa Unguja, naye alipitia huko, kabla ya kuja kumaliza maisha yake hapa Mombasa 1927. Wale walipelekwa kwa bunduki. Mimi nimejinyima miaka sita nijipeleke.

Mahé, tumetia nanga Victoria asubuhi. Mji mdogo, msafi, una mnara wa saa ambao kila mtu anaupiga picha, nami nimeupiga, ndio huo. Soko zuri, samaki wa kupendeza. Tuendelee.

Siku ya pili ndiyo niliyoifuata. Nilikata tiketi ya boti ya La Digue mwenyewe, na hapa nisikilizeni vizuri. Ukienda na ziara ya meli, mkichelewa meli inawangoja. Ukienda kivyako, ukichelewa inakuacha, na nauli ya kuifuata ni juu yako. Halafu saa za kule ziko mbele ya zetu kwa saa moja. Mimi simu ilikuwa na saa ya kule, mkononi nimevaa saa ya Mombasa, na kutwa nzima roho inanidunda nikihesabu. Boti inapita kisiwa cha Praslin kwanza. Praslin ndiko kuna bonde la Vallée de Mai, yale minazi ya coco de mer yenye mbegu nzito kuliko mbegu zote duniani. Nimeiona Praslin dirishani. Watu wameshuka, watu wamepanda, kwaheri Praslin.

La Digue kumbe ni jina la meli, mojawapo ya zile za msafara wa Wafaransa wa 1768. Kisiwa chenyewe kina kilomita za mraba kama kumi tu, na watu wanakwenda kwa baiskeli. Nimekodi kwa rupia 150, na rupia moja mimi niliipata kwa kama shilingi tisa za Kenya. Kamera nimeifunga kwenye kikapu, ndiyo maana picha inatikisika, mnisamehe. Hapo nanusa vanila. Hapo ni L'Union Estate, unalipa kiingilio, ndani kuna kinu cha zamani cha mbata, sawa na tunavyovijua Pwani. Na huyu hapa kobe! Huyu ni jamaa ya kobe wetu Mzee wa Haller Park, Mombasa, yule aliyefanya urafiki na kiboko Owen baada ya tsunami ya 2004. Kobe wa jamii ya Aldabra. Nikamsalimia shikamoo. Hakuitika.

Halafu njia inakuwa mchanga, unaacha baiskeli, unapita katikati ya mawe, na... Ngojeni, sauti nimeiacha hapa kama ilivyokuwa. Mnasikia? Hakuna. Nilinyamaza. Anse Source d'Argent. Mawe ni yaleyale. Ni matale ya miaka milioni 750, na ukiligusa moja lina joto upande wa jua, upande wa pili baridi kama mtungi. Maji yalikuwa magotini, mwamba wa matumbawe unazuia mawimbi mbali kule. Mnazi ulioinama sikuupata. Nilitafuta nikiwa na kalenda mkononi, watu wananitazama.

Watu, ndiyo. Mbele ya jiwe moja kulikuwa na foleni ya kupiga picha. Foleni! Tumetoka Likoni kukwepa foleni.

Pembeni kulikuwa na bibi mmoja anauza maji ya matunda na vipande vya friyapen vilivyokaangwa. Nikaonja, mbona ni shelisheli! Nikamweleza kwamba kwetu tunda hili na nchi yao vina jina moja. Akacheka mpaka akashika meza, akamwita mwenzake aje asikie. Akaniambia kwao wanasema ukila friyapen utarudi tu. Nikaongeza sahani ya pili.

Saa tano. Hizo ndizo nilizozipata, ndani ya safari ya siku tisa. Kama unachotaka ni kupumzika, ulishwe, usipike, uone bahari mpaka uichoke, meli chukua, utafurahi. Kama una kalenda yako ukutani, panda ndege Nairobi, ni kama saa tatu tu hadi Mahé, lala La Digue usiku mbili, ufike kwenye mawe alfajiri kabla boti hazijaleta watu kama mimi. Na kadi ya homa ya manjano msiisahau, ukitoka Kenya wanaiulizia.

Nilipofika nyumbani nimemwonyesha mama video hii kabla yenu. Akaitazama, akainua kichwa akaitazama kalenda, akarudi kwenye simu. Akasema, "Mwanangu, mbona ya mjomba wako haina watu?"