Uzoefu wangu: duka la kubeti farasi lililoniambia "uko poa" halafu likanila

Wakuu, nianze na hukumu kabisa ili mwenye haraka asipoteze muda wake: hili duka la kubeti lililopo mtaani kwetu hapa Uingereza msiende. Jina silitaji. Au nendeni, ila kwanza chungulia mlangoni uone nani yuko kaunta, maana kuna mama mmoja pale ningempa hata nyota kumi, na kuna meneja ambaye nikimkumbuka tu damu inachemka.

Mimi ni mtu wa mikeka ya mpira. Farasi nilikuwa nawajua wale wa kwenye kompyuta tu, wale wa katuni wanaokimbizwa kutwa nzima kwenye vibanda vya kubeti kule nyumbani. Aliyenitoa huko ni huyo mama, Mwingereza mtu mzima, ambaye siku ya mbio anabandika kurasa za gazeti la farasi ukutani na akikuona umesimama unakodoa macho huelewi anatoka kaunta anakuja kukupitisha mbio moja baada ya nyingine, bure, wala hakusukumi utoe hela. Zile namba na herufi pembeni ya jina la farasi ambazo mwanzoni unaona kama nywila ya benki, alinisomesha zikaeleweka: ya mwisho kulia ndiyo mbio yake ya karibuni, F alianguka, P joki (mpanda farasi) alimsimamisha njiani baada ya kuona hawezi tena, U joki kadondoka na farasi kaendelea na safari zake mwenyewe, kile kimstari ni msimu mmoja kuisha na mwingine kuanza. Akanitenganishia viunzi na vizuizi vikubwa, kwamba viunzi vinaanzia futi 3 na nusu na vinalala vikigongwa, lakini vile vikubwa ni futi 4 na nusu kwenda juu, vimeshindiliwa matawi, na farasi mzuri wa viunzi anaweza kufika huko akawa kituko.

Na stori zake sasa! Kwamba alimuona kwa macho yake farasi Red Rum akibeba ushindi wake wa tatu wa Grand National, ile mbio maarufu ya vizuizi vikubwa, kwenye uwanja wa Aintree mwaka 1977. Kwamba kwenye mbio hiyo hiyo mwaka 1956 Devon Loch, farasi wa mama yake Malkia Elizabeth, alisharuka vizuizi vyote 30, anaongoza, imebaki kumalizia tu, ghafla akajitupa chini kwa tumbo peke yake bila kuguswa na mtu, farasi mwingine, E.S.B., akapita akachukua. Mpaka leo hakuna mwenye jibu la uhakika alipatwa na nini. Unamsikiliza unasahau hata kama ulikuja kubeti.

Sasa twende kwenye hilo balaa. Ilikuwa Jumamosi moja ya baridi, mbio za uwanja wa Cheltenham, siyo lile tamasha kubwa la Machi, hizi za kawaida za katikati ya msimu. Mvua ilikuwa imepiga usiku, uwanja umeloa vibaya. Mama akanipeleka moja kwa moja kwenye mbio ya vizuizi vikubwa yenye farasi wanane, akasema angalia huyu wa 10/1 (wa mikeka ya mpira hiyo ni odi 11), kila aliposhinda ardhi ilikuwa tope, na Cheltenham ukishamaliza kizuizi cha mwisho unakutana na mlima, farasi wa mbio mbio tupu wanazimika pale, huyu hazimiki. Akanishauri niweke ile wanaita ichiwei, yaani unalipa madau mawili, moja farasi ashinde, la pili aingie tu kwenye nafasi za juu. Wakiwa wanane hiyo nafasi ni tatu za kwanza, na dau la nafasi linalipwa moja ya tano ya odi. Nikaweka pauni 20 kwa 20, jumla 40. Tiketi ikatoka imeandikwa kabisa, 1/5, nafasi 1-2-3. Ninayo hadi leo hii.

Mchana zamu ikabadilika, mama akaondoka, akaja meneja. Muda si mrefu kwenye skrini ikatokea kwamba yule anayepewa nafasi kubwa ya kushinda, alikuwa 3/1, ameondolewa. Kocha wake (ndiyo, farasi nao wana kocha) hakuipenda hali ya uwanja. Kwa hiyo wamebaki saba. Mimi siyo mzembe, nikaenda kaunta na tiketi yangu mkononi nikamuuliza meneja kistaarabu kabisa, samahani, huyu akiondoka tiketi yangu inabadilika chochote? Hakuinua hata macho kwenye simu yake. Akasema, "Uko poa, tiketi yako iko palepale." Neno kwa neno. Nikarudi kukaa.

Mbio ikaenda kama mama alivyosema, yaani ungedhani aliiandika yeye. Wawili walikata pumzi mlimani, wangu anapanda tu taratibu na matope yake usoni, akamaliza wa tatu. Nikaruka! Hesabu unayo kichwani, dau la kushinda limekufa, la nafasi pauni 20 kwa 2/1, zinarudi 60. Nikaenda kaunta natabasamu. Jamaa akapitisha tiketi kwenye mashine, akanirudishia. Imeliwa.

Imeliwa vipi? Ndipo ananiambia kwa nyodo kwamba farasi wakiwa saba nafasi zinalipwa mbili tu, ya tatu haipo. Nikamwambia si nilikuuliza? Eti yeye alimaanisha tiketi bado ni halali, hakusema nafasi zinabaki tatu. Na akaongezea, watu wameshajipanga nyuma yangu, kwamba hii siyo mpira, kama sielewi nirudi kwenye mpira.

Jamani.

Sheria yenyewe ipo, sikatai, na siyo yao peke yao, maduka karibu yote yanahesabu farasi walioanza mbio siyo waliokuwa kwenye orodha asubuhi, watano mpaka saba nafasi mbili, kuanzia wanane ndiyo tatu. Hapo duka halijaniibia. Lakini ngoja nikwambie kinachouma. Farasi mmoja akiondoka wao wanakula kotekote: kuna ile Kanuni ya 4, kwamba aliyeondolewa akiwa 3/1 basi kila pauni ya faida inakatwa senti 25, maana wengine wamerahisishiwa kushinda. Kwa hiyo wangu angeshinda faida ya 200 wangeimega 50, amekuwa wa tatu wanasema hakuna wa tatu. Na katikati ya hayo yote mtu anakuja kukuuliza swali moja tu la msingi, wewe unamjibu huku unasoma simu?

Nikamuomba utaratibu wa kulalamika, maana hapa kuna chombo kinaitwa IBAS kinaamua migogoro ya wabetiji na kampuni, ila lazima uanze na kampuni yenyewe. Akaninyooshea kidole karatasi ya masharti ukutani, herufi za sisimizi, imewekwa nyuma ya mashine ya kubetia, yaani mpaka uisogeze mashine. Jamaa yangu Mkenya niliyekuwa naye, yeye amezoea kwenda Ngong Jumapili kuangalia farasi, ananivuta koti tu, "Wachana na yeye bana, twende." Tukatoka. Malalamiko nimeyatuma baadaye kwa kampuni, wamejibu kwamba wamepokea na wanathamini maoni yangu. Basi.

Faida yenyewe ingekuwa pauni 20, siyo hela ya kugombania. Nilitaka kulipa duka nyota mbili, nashusha iwe moja. Halafu namkumbuka mama naona namuonea, kwa sababu uchambuzi wake ulikuwa sahihi mwanzo mwisho, tope, mlima, kila kitu, na siku hiyo hiyo kwenye viunzi alinipa mwingine wa 5/1 akatiki na nikalipwa bila maneno. Kwa hiyo hata sijui. Uchambuzi pale sijauona kwingine, kulipwa ni bahati ya zamu.

Grand National inakuja, siku hizi farasi ni 34 badala ya 40, na maduka yanashindana kuongeza nafasi. Asubuhi yake nitakuwa pale ukutani na kalamu yangu namsikiliza mama mpaka mwisho, nitamshukuru, halafu navuka barabara naenda kuweka hela duka la ng'ambo.