Stockfish kwenye simu: miezi nane nikiwa nayo Goma, na zile pozisheni zinazoishinda

Niko fundi wa simu pale Birere, na mchana wateja wakipungua njo nafungua sataranji. Sasa ni miezi nane hivi natumia Stockfish, ile injini (programu) inayocheza na kuchambua sataranji, karibu kila siku kwa hiyo haya si ya kusikia kwa mtu. Naona wengi wanaipa nyota tano bila maelezo, wengine wanaitukana juu imewaambia hatua zao zote mbovu. Mi nataka kuongea kitu kimoja ambacho sikukijua siku naiingiza kwenye simu: ile namba inayokaa pembeni ya ubao, wapi uiamini na wapi usiiamini.

Mazuri nitayapita haraka. Ni ya bure, bure kweli, ipo toka 2008 na yeyote anayejua kuandika programu anaweza kuifungua aone imetengenezwaje. App ninayoiwekea haiombi intaneti kabisa, na huku kwetu hiyo ni kitu kikubwa juu mega zinaisha ukiwa bado unazihesabu. Halafu nguvu. 1997 kule New York mashine ya IBM, Deep Blue, ilimpiga Kasparov, bingwa wa dunia, pointi 3.5 kwa 2.5 na ilikua makabati mawili makubwa, leo simu ya mtumba niliyoibadilishia kioo mwenyewe inacheza kuliko ile mashine. Ukitaka kujua wapi ulipoteza farasi wako bila kujua, itakuonyesha kwa sekunde. Hapo sina maneno.

Sasa kilichonitokea.

Kuna papa mmoja jirani Himbi, alifundisha hisabati miaka mingi, tunamwita Papa Mwalimu. Mtaani kwetu watu wengi ni dame tu, na vifuniko vya chupa, sataranji tuko wachache kwa hiyo Jumapili baada ya misa lazima tutafutane. Ile Jumapili nilikua nimemkalia vizuri, niko na mnara mzima zaidi, yeye yuko na askofu na mfalme, lakini pioni zote zilikua zimefungana kutoka pembe moja ya ubao mpaka ingine, hakuna iliyoweza kusogea. Nikamwambia Papa, hii imeisha, tupange ingine. Akasema hapana, hii ni sare. Tukabishana kidogo kwa heshima, nikamwambia basi tuulize simu, akakubali.

Simu ikasema +5.8 kwangu.

Kwa wasiojua, zamani +1 ilikua kama pioni moja zaidi. Toka mwisho wa 2022 waliipanga upya, +1 ni pale injini ikicheza na injini mwenzake inashinda mara moja kwa mbili. Kwa hiyo karibu sita ni kusema mchezo umekwisha, nenda nyumbani. Nikamgeuzia Papa kioo aone. Akaangalia, akanirudishia simu, akasema: "Mwanangu, cheza basi. Unionyeshe unapitia wapi."

Nikacheza. Mnara nikaupeleka kulia, kushoto, nyuma. Mfalme wangu nikamzungusha ubao mzima. Yeye mfalme wake anatoka g8 anaenda h8, anarudi g8 (hayo ni majina ya miraba ya ubao). Nikaiuliza simu hatua kwa hatua nifanye nini, nayo inaniambia peleka mnara hapa, halafu upeleke pale, halafu urudishe, na namba bado iko juu, yaani imejaa uhakika huku haina mahali pa kwenda. Baada ya hatua thelathini hivi nikampa mkono. Ilikua sare, na Papa alikua ameiona toka mwanzo bila kuhesabu kitu chochote, aliangalia tu kama kuna mlango.

Ile siku nilirudi nyumbani nikiwa na hasira kidogo, nikaanza kutafuta kwa nini. Na nilichokuta kilinifurahisha kuliko hata kama ningeshinda.

Injini haiulizi kama kuna mlango. Inafanya kazi mbili: inaenda mbele hatua baada ya hatua, wewe hivi yeye hivi, na mwisho wa kila njia inapima nani ana nguvu. Kazi ya kupima toka 2020, kuanzia Stockfish 12, inafanywa na mtandao mdogo wa neva, yaani programu inayojifunza kwa kuona mifano mingi, njia ambayo Mjapani Yu Nasu aliileta kwanza kwenye shogi, ule mchezo wao unaofanana na sataranji. Mtandao umeona pozisheni nyingi kupita maelezo, na karibu zote mwenye mnara zaidi anashinda, kwa hiyo ukiupa mnara zaidi unafurahi. Sheria inayosema ni sare ni ile ya hatua 50 bila kula na bila kusogeza pioni. Hamsini zako na hamsini zake ni zamu 100. Simu yangu ikijikaza sana inafika zamu thelathini na kitu. Kwa hiyo ukuta inaugonga bila kuujua kama ni ukuta, inadhani huko mbele pengine kuna kitu.

Mtu wa Goma ukuta anaujua. Lava ya Nyiragongo ya 2002 ilipita katikati ya mji mpaka ziwani, na mawe yaleyale njo tumejengea nyumba na kuta za viwanja. Unaweza kuleta lori, unaweza kuleta watu ishirini, kama hakuna geti hakuna geti. Sasa kuna pozisheni moja ya W. Rudolph, ya 1912, nikiiona nafikiria zile kuta zetu. Weusi wana minara miwili na askofu, weupe wana maaskofu wawili, pioni nane kila upande. Weupe wako chini sana. Mweupe anaanza kwa kutupa askofu wake bure pale a4, mfalme mweusi anakula. Halafu pioni zinaanza kupanda, b3 inamtishia mfalme, anakimbia, c4 inamtishia, anakimbia, d5, tena e6, na kwenye kukimbia anakula askofu wa pili pale d8, na mweupe anasogeza f5 kwa utulivu. Amebaki bila kitu! Mfalme peke yake na pioni. Lakini zile pioni zimeshikana kutoka a2 mpaka h3 kama jiwe na jiwe, minara miwili ya mweusi iko nyuma na hakuna hata tundu la kupita. Sare. Nilipanga kwenye ubao wa mbao nikaangalia muda mrefu, mtu alifikiria hiyo kitu mwaka 1912 bila mashine yoyote. Nikaiweka kwenye simu, ikaniletea hatua zingine kabisa, nikaisukumia ile ya a4 kwa mkono na zote zinazofuata, na hata ukuta ukiwa umekwisha kujengwa bado namba inalia kwamba weusi wanashinda.

Ya pili ni ya Roger Penrose, yule mwanafizikia wa Uingereza aliyepata Nobel 2020. Taasisi yake iliitoa 2017, naye kwa miaka mingi anasema akili ya mtu haifanyi kazi kama kompyuta. Hapo weusi wana malkia, minara miwili na maaskofu watatu, ndiyo watatu, wote wa rangi moja, wanatembea kwenye nyeusi tu. Weupe wana mfalme na pioni nne. Ukimwonyesha mtoto aliyejifunza jana atakwambia weupe wamekufa. Lakini angalia: malkia na minara wamebanwa kwenye kona na pioni, hawawezi kutoka, wanaotembea ni maaskofu tu na hao hawagusi mraba mweupe hata siku moja. Mfalme mweupe atembee kwenye vyeupe tu, basi. Na maaskofu wakizubaa pioni ya c6 inakimbia kuwa malkia. Niliionyesha kwa mdogo wangu wa miaka 13, alichukua kama dakika tano, akasema "yaya, si anatembea tu kwenye nyeupe?" Simu iliendelea kuonyesha namba ya kutisha kwamba weusi wanashinda mpaka nikaifunga.

Lakini nisiseme uongo, si kila kitu wanachokiita kigumu kwa injini bado ni kigumu. Kuna ile ya mabingwa wawili, Topalov na Shirov, Linares kule Hispania 1998, hatua ya 47, Shirov anampeleka askofu wake h3 pioni imle bure, yote ili mfalme wake apite f5 afike e4 kabla mfalme mweupe hajafika e3. Injini za zamani haziioni. Kwenye yangu haikuja mara moja, nilingoja, simu ikawa na joto, mwisho ikaingia juu ya orodha. Hii aina ni tofauti na kuta: hapa jibu lipo mbele, sema liko mbali, na injini ili iende haraka inakata njia zinazoonekana mbovu mwanzoni. Kumtupa askofu kunaonekana kubovu, kwa hiyo njia hiyo inachunguzwa juujuu kwanza. Ukiipa muda inarudi.

Kukata huko kuna ujanja mmoja ambao ulinishangaza. Injini inajiuliza: nikimwachia mwenzangu zamu, acheze mara mbili mfululizo, na bado niko vizuri, basi hii njia ni nzuri sana sina haja ya kuichimba. Inaokoa muda mwingi. Lakini kuna pozisheni ambazo zamu yenyewe ni mzigo, ukilazimishwa kucheza unaharibu, ungepewa ruhusa ya kukaa ungekaa. Hapo ujanja unadanganya. Walioitengeneza wanajua, ndiyo maana upande ukibaki na mfalme na pioni tupu huo ujanja wameuzima, lakini kukiwa na farasi au askofu bado kwenye ubao unaweza kuikuta inateleza.

Ile ya Brussels 1987 pia lazima niitaje, mwenyewe naipenda. Kazi ya Mholanzi Gijs van Breukelen, Plaskett, mchezaji Mwingereza, akaionyesha kwa mabingwa waliokuwepo, ikawashinda, mpaka Mikhail Tal, bingwa wa dunia wa zamani, akatoka akatembea bustanini akarudi na jibu. Watafiti waliijaribu miaka ya karibuni, Stockfish wakiipa muda wa kutosha iliipata, Leela, ile injini ingine inayotegemea zaidi mtandao wa neva, haikuipata. Kwa hiyo mtu akikwambia Leela ina "akili ya mtu" zaidi mwambie inategemea.

Sasa mi naitumiaje leo. Namba ikiwa kubwa sitoki mbio. Naangalia kama inapanda kadiri kina, yaani zamu ngapi injini inaenda mbele, kinavyoongezeka. Kama kina kiko 20 namba ni 5, kina 30 bado ni 5, na hatua inazoleta ni mnara kwenda na kurudi, najua pengine ni ukuta. Hapo nazisukuma zile hatua mwenyewe kwa mkono, kumi, ishirini. Stockfish inapunguza namba pole pole hatua zinapopita bila pioni kusogea, kwa hiyo ukiitembeza vya kutosha utaona inashuka kuelekea sifuri, kama vile inakiri. Na vipande vikibaki 7 au chini, pamoja na wafalme, siiulizi tena injini, natafuta mega kidogo naingia kwenye zile jedwali za Syzygy, zilikamilika 2018 kwa vipande 7 na zina jibu la hakika, si makadirio. Usifikirie kuzishusha kwenye simu, zote pamoja zinazidi terabaiti 16.

Na hii nawaambia kama fundi: usiache injini inachambua huku simu iko kwenye chaji, hasa ile usiku umeme ukirudi kila mtu anachomeka. Joto la prosesa na joto la chaji pamoja betri inavimba, nimezibadilisha nyingi hapa mezani na wenye simu wanashangaa sababu. Chomeka, ijae, toa, ndipo uchambue. Na kwenye mipangilio ipe nyuzi (threads) mbili, zile kazi prosesa inafanya kwa pamoja, si zote.

Naipa nyota nne, na ya tano sijainyima kwa hasira. Kwa michezo ya kawaida sijui kitu kingine cha bure kinachokaribia, wanafunzi wawili ninaowafundisha jioni wamepanda sana juu yake. Lakini nawakataza kuigusa mpaka waniambie wenyewe wanapitia wapi, kwa kidole, kwenye ubao wa mbao.

Papa Mwalimu nilimpelekea ile pozisheni ya kutungwa ya Behting ya 1906, farasi wawili weupe dhidi ya pioni tano, mweupe aokoe sare. Vipande ni 9, kwenye jedwali haimo. Nilimwambia hatua ya kwanza ni ya mfalme, anaenda c6, mbali na kila kitu, na hii injini nyingi ziliisumbukia miaka. Hakutaka nimwambie zaidi. Ameiacha imepangwa kwenye kimeza cha barazani, amekataza watoto wasiguse, na Jumapili iliyopita alinikaribisha chai tukakaa pembeni yake dakika arobaini bila mtu kutoa simu mfukoni.