Osborne 1: Kompyuta ya Kubebwa na Mwenye Mabega

Kompyuta hii, niliyoazimwa na jamaa wa Mji wa Kale aliyeirithi kwa marehemu baba yake, ndiyo ya kwanza ya kubebeka kupata soko kubwa, nami nimekaa nayo siku nane kabla ya kuandika tathmini hii.

Uzani wake ni takriban kilo 11, kama nusu debe ya maji, na yeyote atakayeivusha kwa feri ya Likoni kisha apande nayo mpaka kwenye matatu atakubali kuwa huko kubebeka kumesemwa kwa ukarimu. Skrini yake ya inchi 5 huonyesha herufi 52 tu kwa mstari, hivyo barua ya kawaida haionekani upana wake wote mpaka uisogeze kwa vitufe.

Hata hivyo, ukiihukumu kwa skrini pekee utakuwa hujamwelewa mwenye wazo. Adam Osborne, Mwingereza aliyezaliwa Bangkok mwaka 1939 na kukulia kusini mwa India, alikuwa mhandisi wa kemikali kabla ya kugeukia uandishi na uchapishaji wa vitabu vya kompyuta; biashara hiyo aliiuzia kampuni ya uchapishaji ya McGraw-Hill mwaka 1979, akamwachia Lee Felsenstein kazi ya kuisanifu mashine, akaizindua Aprili 1981 kwa dola 1,795. Alishikilia kuwa mnunuzi anahitaji kinachomtosha, si kilicho bora kuliko vyote, na ndani ya bei hiyo alitia programu za WordStar, ya kuandikia, na SuperCalc, ya hesabu za majedwali, ambazo wengine walizinunua kando kwa fedha nyingi. Hapo nampa alama zote: nilipoingiza hesabu za duka la vitambaa la ndugu yangu katika SuperCalc, jumla zilitoka sawasawa, wala sikuhitaji kuongeza kitu.

Kampuni yake ya kompyuta ilifilisika Septemba 1983. Husemwa kwamba alitangaza mashine mpya mapema mno, wateja wakaacha kuinunua ya zamani. Mimi naona Kaypro, kompyuta shindani ya kubebeka yenye skrini ya inchi 9 na bei ya kulingana nayo, ilimuumiza zaidi. Osborne alirejea India, akafariki huko mwaka 2003.

Atakayeipata hapa Pwani aangalie kwanza kutu, kwani hewa ya chumvi ilikuwa imeshambulia kisomeo kimoja cha diski, na fundi alilazimika kukisafisha kwa spiriti mara mbili ndipo kikasoma.