Milioni moja na laki nane Kariakoo: kompyuta ya gemu ya bandani kwangu

Nina banda la gemu Mbagala. PS4 tatu, TV tatu, mechi moja shilingi 500. Mwaka jana wateja wangu wakubwa, wale waliomaliza sekondari na wanasubiri matokeo au ajira, walianza kuniuliza kama nina PC. Mmoja anataka GTA V yenye magari ya kuongezea, wengine Valorant, na yupo mmoja ambaye ukimtajia gemu lolote zaidi ya Counter-Strike anakugeuzia uso. Nikatenga 1,800,000, monita ikiwa ndani yake, na Juni 2025 nikaingia Kariakoo. Haya ni maoni yangu juu ya kila kifaa, baada ya kukitumia kwenye chumba chenye joto, vumbi la barabara, na vijana wanaokandamiza kibodi kana kwamba inawadai.

Bei kwanza, maana najua ndizo mnazozitafuta. Prosesa Ryzen 5 5600 ilikuwa 330,000. Mazabodi (bodi kuu inayobeba vifaa vyote) ya B550, 260,000. Kadi ya grafiki RX 6600 ya mtumba, 480,000. RAM GB 16 kwa 140,000, SSD ya GB 500 kwa 120,000, pawasaplai (kile kinachogawia vifaa umeme) ya wati 550 kwa 190,000, kasha 110,000, na monita ya mtumba 160,000. Jumla 1,790,000. Elfu kumi iliyobaki alikula mwenye bajaji. Ukienda leo usinitafute kwa bei ya RAM: tangu mwishoni mwa 2025 zimepanda sana dunia nzima, kwa sababu viwanda vinapeleka chipu kwenye seva za akili mnemba, na sisi wa chini tunagombea kilichobaki.

Kadi ya grafiki ndiyo iliyonichukulia muda mwingi kuliko vifaa vingine vyote. Kwa laki tatu na nusu hadi laki tano kuna majina matatu utayasikia. La kwanza ni RX 580 ya GB 8, tena "mpya", imefungwa kwenye boksi linalong'aa. Muuzaji aliniambia, "Mkubwa, hii ni moto, GB nane, wengine wote wana nne." Nikamwomba, "Kaka, ichomeke niione." Natembea na flashi yenye programu ya GPU-Z inayosoma kadi ni ya aina gani, haihitaji hata kusakinishwa. Ikasoma 580 2048SP. Hiyo ni 580 iliyotengenezwa kwa ajili ya soko la China, ina viini 2048 badala ya 2304 vya 580 halisi, yaani kwa hesabu ya viini ni RX 570 iliyovalishwa koti la kaka yake. Siwezi kuiita feki, maana AMD wenyewe waliitoa kwa jina hilo. Lakini mdomoni mwa muuzaji ile 2048SP haitajwi, na bei inayotajwa ni ya 580 kamili. Halafu hata hiyo 580 halisi ni ya 2017 na inakunywa wati 185. Mimi ninayelipa LUKU sikuona sababu.

La pili ni RX 6500 XT. Hii ni ya Januari 2022, kwa hiyo kwa umri inavutia, na ni nyepesi kwa umeme. Tatizo lake ni GB 4 tu, na inaongea na mazabodi kwa njia nne tu za PCIe, ile barabara ya data kati ya kadi na mazabodi. Ukiiweka kwenye mazabodi au prosesa ya PCIe 3.0, toleo la zamani, ambazo ndizo nyingi mitaani, inapungua nguvu waziwazi. Zaidi ya hapo haina kifaa cha kurekodi video ndani yake, na vijana wangu wanataka kurekodi magoli na mauaji yao wapeleke TikTok. Nikaipita.

La tatu ndilo nililochukua. RX 6600 ilitoka Oktoba 2021, ina GB 8, inatumia wati 132, na inataka plagi moja ya pini nane. Mpya ilikuwa juu ya uwezo wangu, ya mtumba ikaingia. Nyingi za mtumba zimepita kwenye uchimbaji wa sarafu za mtandaoni. Sarafu ya Ethereum ilipoacha uchimbaji wa kadi Septemba 2022, mizigo ile ilimwagwa sokoni na mingine bado inazunguka. Wapo wanaozikataa kabisa. Mimi naona kadi iliyochimba ikiwa imewekwa mahali pa baridi inaweza kuwa nzima kuliko ya mchezaji aliyeifungia kwenye kasha lisilopumua. Cha kuangalia ni feni, maana feni ndizo zinazochoka kwanza. Zisukume kwa kidole kadi ikiwa imezimwa: zikicheza kushoto kulia au zikikwaruza, punguza bei au ondoka.

Halafu iwashe. Niliwasha FurMark, programu ya kuisukuma kadi hadi mwisho wa nguvu zake, robo saa nzima pale dukani, nikitazama nyuzi joto na kusubiri madoa ya rangi kwenye skrini. Muuzaji alilalamika kwamba namalizia LUKU yake. Nikampa mia tano, akacheka, tukaendelea. Ilitulia kwenye nyuzi 71, hakuna doa, nikalipa. Kwa kadi ya mtumba usiulize garantii ya mwezi, hupewi. Garantii yako ni hiyo robo saa.

Sasa pawasaplai, na hapa nitagombana na mtu. Makasha mengi Kariakoo yanauzwa yakiwa na pawasaplai ndani, imebandikwa "500W", na unaambiwa ni bure. Ibebe mkononi uone, ni nyepesi kama boksi la viatu lililobaki karatasi. Kisha usisome namba kubwa, soma kibandiko cha pembeni, kwenye mstari wa volti 12, kwa sababu prosesa na kadi vinakula hapo. Zidisha ampea kwa 12. Ile ya bure niliyoonyeshwa iliandikwa ampea 18, yaani wati 216 hata kama kibandiko chenyewe kinasema ukweli. Niliyonunua ina ampea 45, wati 540, na alama ya 80 Plus Bronze, inayoonyesha haipotezi umeme mwingi. Tofauti ni laki na tisini, ndiyo. Lakini kwetu umeme unakatika na kurudi kwa kishindo, na pawasaplai mbovu ikifa huwa haifi peke yake. Jirani yangu mwenye steshenari ya kuchapisha picha alipoteza mazabodi na hadi diski kwa mpigo mmoja. Mimi tangu Juni umeme umerudi kwa kishindo mara nyingi, na mashine inaamka. Nyuma yake nimeweka UPS (betri ya akiba) ya zamani ya VA 650, si ya kuchezea, ni ya kumpa mtu dakika chache azime kwa utaratibu.

Ukiwa na hela ya kuongeza sehemu moja tu, iongeze hapo. Hata kabla ya kadi.

Prosesa haikunisumbua. Ryzen 5 5600 ina kori (viini) 6, nyuzi za kazi (threads) 12, wati 65, na inakuja na feni yake ndani ya boksi. Watu wanaichanganya na 5600G, ambayo ina grafiki ndani. Hiyo G ni nzuri kwa anayetaka kuanza bila kadi na kuongeza baadaye, lakini ina kachi (kumbukumbu ya haraka ndani ya prosesa) nusu ya mwenzake, MB 16 dhidi ya 32, na inabaki kwenye PCIe 3.0. Kama kadi unaichukua siku hiyohiyo, G haina kazi. Nilipima pia Core i3-12100F ya Intel. Kori nne, bei ya chini, na kwenye gemu inajitahidi vizuri sana. Kwa mtu mmoja nyumbani ningemshauri aichukue bila kusita. Kwangu mimi mashine inacheza, inarekodi, na Discord iko wazi nyuma, kori nne zinaishiwa pumzi.

Kasoro ya 5600 ni hiyo feni ya bure. Februari Dar es Salaam, chumba bila kiyoyozi, inapanda hadi nyuzi 80 na zaidi na inalia kama mashine ya kukaushia nywele. Haijaharibu kitu, ila kelele inakera.

Mazabodi: uliza BIOS, ile programu ya mwanzo inayoamsha mashine. B450 ni za bei nafuu na zinabeba 5600, lakini nyingi zimekaa ghalani tangu kabla prosesa hizo hazijatoka, na bila kusasishwa BIOS zinakuwa giza tu, feni inazunguka na skrini haitoi kitu. Mwenye prosesa ya zamani ya kusasishia anaweza kupona. Mimi nilichukua B550 na nikamwambia fundi wa duka awashe mbele yangu kabla sijafungua pochi. Duka la kwanza lilikataa, "tukifungua boksi umenunua." Nikaenda la pili, mlango wa tatu kutoka hapo.

RAM, chukua vijiti viwili vya GB 8, usichukue kimoja cha 16, na ukifika nyumbani ingia BIOS uwashe XMP, mpangilio unaoipa RAM kasi iliyoandikwa. Bila hivyo vile vilivyoandikwa 3200 vinatembea 2133 au 2400, na mwenye mashine hajui kamwe.

SSD ya GB 500 ni ndogo. GTA V peke yake inazidi GB 100, weka Windozi, Valorant na Counter-Strike, nafasi imeisha. Baadaye niliongeza diski ya TB 1 ya mtumba kwa ajili ya kuhifadhi, nikitaka gemu naihamishia SSD. Na msipakue kwa bando jamani. Nakili mafaili ya gemu kutoka kwa mtu mwenye Steam (duka la gemu la mtandaoni), weka kwenye diski ya nje, Steam yako ikayakague yenyewe na kupakua kilichopungua tu. Hivyo ndivyo tunavyosaidiana na mwenzangu wa Temeke.

Kasha nimelisifia mpaka majirani wamechoka. Halina kioo mbele, halina taa, lina wavu. Madukani yanayopangwa mstari wa mbele ni yale ya kioo yenye feni za upinde wa mvua, na ukiweka kiganja mbele yake husikii hewa ikiingia. Kwa Dar hilo ni jiko. Wavu unapitisha hewa na vumbi pia, kwa hiyo kila Jumapili asubuhi kabla wateja hawajaja napuliza kwa bloa, huku nimeshikilia feni zisizunguke.

Monita ni ya ofisini, inchi 22, 1080p, hezi 60. Vijana wanalalamika kwamba wachezaji wa kweli wana 144. Wanunue. Kwa kuwa monita yangu inaonyesha picha 60 kwa sekunde, nimeizuia kadi isitengeneze zaidi ya 60. Bila kizuizi Valorant inapita 200 na mashine inavuta wati 200 hadi 220 kwenye kipimo cha plagi. Nikizuia, inashuka chini ya 150 kwenye magemu mengi. Kwa LUKU yangu elfu kumi inatoa kama uniti 28, kwa hiyo wati 200 kwa saa tano ni uniti moja, shilingi mia tatu na ushee. Mashine hainifilisi.

Utendaji kwenye 1080p, bila kile kizuizi, kwa picha kwa sekunde: GTA V mpangilio wa juu bila kusita, Counter-Strike 2 inapita 100 muda wote, Cyberpunk 2077 kwa mpangilio wa juu bila kufuatisha miale (ray tracing, mwanga unaoigwa kama wa kweli) inazunguka 60 na kushuka kidogo mjini penye watu. Ukiwasha kufuatisha miale kwenye kadi hii unajitesa. Valorant kwenye Windozi 11 inadai TPM 2.0 na Secure Boot, vipengele vya usalama, vyote viwili viko BIOS, viwasheni kabla ya kunipigia simu kwamba gemu limekataa.

Mwenye laki tisa tu naye nimjibu, kwa sababu wananiuliza kila siku. Usijenge mpya. Tafuta kompyuta ya ofisi ya mtumba yenye i5-8500, kori sita, HP au Dell, ila iwe kasha refu, usichukue lile jembamba la kulaza. Jembamba linataka kadi fupi maalumu ambazo ni ghali na adimu. Pawasaplai za HP na Dell hizi, hata za kasha refu, mara nyingi zina plagi za kwao wenyewe, huwezi kuweka ya kawaida bila waya wa kubadilishia. Kwenye refu weka GTX 1650 isiyo na plagi ya umeme, wati 75 inazovuta kutoka mazabodi zinaitosha. Usikubali i5-6500 wala 7500 hata wakikupunguzia: Windozi 11 rasmi kwa Intel inaanzia kizazi cha nane, na Windozi 10 iliachwa na Microsoft tarehe 14 Oktoba 2025. Wauzaji wanajua, ndiyo maana wanazipunguza.