Muziki wa The Sea Hawk: rekodi kamili ya Naxos

Wengi huikumbuka The Sea Hawk, filamu ya mwaka 1940 iliyoongozwa na Michael Curtiz, kwa upanga wa mwigizaji Errol Flynn. Mimi naithamini zaidi kwa muziki wake, na rekodi kamili iliyotolewa na kampuni ya Naxos mwaka 2007, ambamo William Stromberg anaiongoza Moscow Symphony Orchestra pamoja na kwaya, imeniwezesha kuusikiliza hapa Dodoma, kwa njia ya intaneti, bila maneno ya waigizaji wala mizinga kuufunika.

Mtunzi ni Erich Wolfgang Korngold, Myahudi wa Austria aliyejipatia sifa katika opera tangu ujana. Mwanzoni mwa mwaka 1938 aliitwa Hollywood kutunga muziki wa The Adventures of Robin Hood, na alipokuwa huko Hitler akaitwaa Austria, hata kazi hiyo ikawa ndiyo iliyomwokoa. Hakuichukulia filamu kuwa kazi duni. Katika The Sea Hawk nahodha wa Kiingereza Thorpe, anayeigizwa na Flynn, ana sauti yake ya muziki, mapenzi yake kwa Doña Maria yana yao, na sauti hizo hukutana, hugeuka na kurudi kadiri kisa kinavyokwenda, kama ilivyo desturi ya opera.

Ufunguzi wa tarumbeta ni maarufu, na hapa umepigwa vizuri. Lakini kilele, kwa maoni yangu, ni sehemu ya wapiga makasia: Thorpe na mabaharia wake, waliokamatwa Panama, wamefungwa minyororo katika merikebu ya Kihispania, na muziki unavuta kwa uzito mpaka wanapojikomboa na kwaya ya wanaume inapopasuka kuimba safari ya kurudi Uingereza. Aliyekulia kati ya Wagogo, akawaona akina mama wapiga ngoma za muheme wakishika mwendo wa wachezaji wote, hatahitaji kuelezwa kwa nini pigo lile zito linaibeba sehemu nzima. Stromberg haliharakishi, naye amefanya vyema.

Ukamilifu wa rekodi una gharama yake. Vipo vipande vifupi vilivyotungwa kuunganisha onyesho na onyesho, na bila picha havisimami vyenyewe. Charles Gerhardt, katika rekodi yake ya mwaka 1972 na National Philharmonic Orchestra, alichagua dondoo chache tu na kuzipiga kwa moto zaidi; anayeanza kumjua Korngold namshauri aanze na hiyo. Anayetaka kukifuata kisa chote, hadi pambano la mwisho la panga katika jumba la malkia wa Uingereza, hana budi kuchukua hii ya Stromberg, na asiisikilize kwa spika ya simu, kwa kuwa nyuzi nzito za besi, ambazo Korngold amezitegemea mno baharini, hazitasikika kabisa.